Mjomba na Mikia ya Nyimbo Zake

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake wa pekee. Mama amenipa kazi ya kusoma maisha ya mdogo wake kwa sababu, anavyosema yeye, tangu utotoni sijui kukaa bila kuuliza. Ni kweli, na aliyenipa maswali mengi kuliko wote ni huyu tuliyemsindikiza leo. Niseme mapema kwamba tuligombana nyumbani juu ya namna ya kumtaja mtu mmoja miongoni mwa wafiwa. Nitafika hapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi cherehani na mkewe. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana, na kijana wetu alikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Baba alipokanyaga cherehani haraka, mtoto naye aligonga debe la vipande haraka. Baba alipopunguza, naye alipunguza. Wateja wakamwita Debe, na jina likamganda mpaka uzeeni.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na akamaliza kidato cha nne mwaka 1969. Hesabu zilimpiga chenga. Mwalimu wa kwaya alimfukuza kwa kuwafundisha wenzake sauti ambazo hazikuwepo kwenye wimbo, kisha akamrudisha baada ya wiki, maana wenzake walikuwa wamezishika zile sauti na hawakutaka kuziacha. Mwaka 1973 alihitimu chuo cha sanaa.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika jumba la maonyesho, akapewa chumba kidogo nyuma ya jukwaa na piano kuukuu ambayo sauti mbili zake hazikulia kabisa. Humo ndimo alimotunga muziki wa michezo ya kuigiza hadi alipostaafu mwaka 2011. Nyimbo zake za mapenzi mnazijua, zimeshawachezesha wengi wenu harusini. Zote zinamwimba “yeye”, na mji mzima ulitaka kumjua huyo yeye. Lugha yetu haisemi kama yeye ni mwanamume au mwanamke, na mjomba aliitumia nafasi hiyo vizuri sana. Mkata tiketi aliamini anaimbwa yeye. Mshona mavazi ya jukwaani naye alikuwa na uhakika wake, na kwa muda hawakusalimiana. Mjomba aliwaamkia wote wawili kwa adabu na akafunga mdomo.

Jambo la pili lililowashangaza watu ni namna nyimbo zake zilivyoisha. Haziishi kwa kishindo. Zinapungua, zinapungua, mpaka hujui sauti ya mwisho ilikuwa ipi. Wanamuziki waliuita mwisho huo mkia na walilalamika kwamba ni mrefu. Kiongozi mmoja mpya wa bendi aliamua kuukata bila kumwambia mtu. Usiku wa onyesho bendi ikanyamaza ghafla huku taa ndiyo kwanza zinaanza kushuka. Waigizaji wakabaki wamesimama wanatazamana, mmoja akakohoa, na watu wakaangua kicheko katikati ya tukio la huzuni. Mkia ukarudishwa kesho yake. Nilimwuliza mjomba kwa nini autunge mrefu hivyo.

“Kule juu kuna mtu anashusha taa kwa mkono wake,” aliniambia. “Namsubiri amalize.”

Mtu huyo alikuwa fundi taa wa jumba lile, na leo tuko naye hapa.

Kwa kawaida aya inayofuata huwa ya ndoa. Mjomba hakuoa. Mwaka 1979 alihamia nyumba ya vyumba viwili karibu na karakana ya mbao, akaishi na fundi taa, na hakuhama tena. Nyumbani kwetu fundi taa aliitwa “mpangaji wa mjomba”. Majirani waliambiwa hivyo, wageni waliambiwa hivyo. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba nyumba ile ni ya fundi taa, na kama kuna mpangaji, basi ni mjomba. Nilipompelekea mama habari hiyo, aliniambia niache umbea nimenye vitunguu. Lakini mimi nilikaa sana kwenye nyumba ile. Mmoja alikuwa mezani na karatasi za muziki, mwingine sakafuni anafungua plagi huku akiimba nje ya sauti kabisa, maana hana sikio la muziki hata kidogo, na mjomba hakumrekebisha hata siku moja. Walipendana. Nalisema hapa kwa sababu watu wataendelea kuzipiga nyimbo hizi, na wasipojua zilitungiwa nani, wataikata tena ile mikia.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, na Agosti mwaka huu alilazwa. Muuguzi alimwuliza fundi taa yeye ni nani wa mgonjwa. Akajibu kwamba yeye amemleta tu. Mjomba, ambaye siku hiyo hakuwa na nguvu ya kuzungumza, alifungua macho.

“Huyu ni wangu,” alisema.

Mama alikuwa pembeni anamimina chai. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika. Marehemu alifariki tarehe 9 Septemba 2025 asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa fundi taa. Imeniuma kuiandika sentensi hiyo, na inaniuma kuisoma.

Tulipokaa kuandika wasifu huu, mama alitaka fundi taa aandikwe “rafiki wa familia”. Aliogopa maneno ya watu. Nilimwambia rafiki wa familia ni mtu anayekuja, anakula, anaaga. Tukanuniana siku mbili. Mwishowe tukamwuliza fundi taa mwenyewe, naye akasema tusikosane kwa ajili yake, tuandike tunavyoona, yeye atakaa nyuma kabisa ya watu kwa kuwa amezoea huko. Mama akaomba kalamu, akafuta, akaandika kwa mkono wake na kunirudishia karatasi.

“Mtangulize huyo,” alisema. “Mimi nitafuata.”

Marehemu ameacha mwenzi wake wa maisha, fundi taa, aliyekaa mstari wa mbele. Ameacha dada yake, aliyekaa karibu naye. Ameacha wapwa watatu na watoto wetu, waliomwita babu Debe.

Apumzike mjomba wetu. Na mwenzi wake, kuanzia leo, asiulizwe tena ni nani.