Murty Lucey, Katibu Ambaye Hakuinua Mkono

Wasifu huu wa Mortimer Lucey, ambaye bandari nzima ya Cork ilimjua kwa jina la Murty, unasomwa na binti yake mkubwa, Eily. Marehemu aliupitia mwenyewe akiwa kitandani. Nakala ya kwanza aliichana, akisema imemsifu kwa jambo ambalo hakulifanya. Hii ya pili aliitia saini; ya kifo na msiba tumeyaongeza sisi.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1903, katika kichochoro cha upande wa kaskazini wa jiji, akiwa mtoto wa tano wa Michael Lucey, kuli wa bandarini, na mkewe Hannah. Alikuwa mtoto mwoga, na familia haioni haya kulisema hilo mbele ya jeneza lake. Krismasi moja baba yake alileta bata bukini mzima, anayetembea. Murty alijifungia chooni uani tangu asubuhi, akakataa kutoka mpaka alipohakikishiwa kwamba bata yuko ndani ya sufuria. Hadithi hiyo ilimfuata maisha yake yote.

Alisoma kwa mabruda hadi mwaka 1917. Bruda aliyewafundisha kuandika alikuwa mwepesi wa kiboko, na Murty alipata mwandiko mzuri kuliko wote darasani kwa sababu alikuwa na hofu kuliko wote darasani. Mwandiko huo ndio uliokuja kumponza.

Alifunga ndoa na Honora Twomey, Nonie, siku ya Jumanne tarehe 12 Februari 1929, siku moja kabla ya Kwaresima, ambamo ndoa hazifungwi, kama walivyofanya wengi waliochelewa kuamua. Nonie alikuwa akifanya kazi kwenye duka la mikate. Alipoulizwa alimpendea nini, alijibu kwamba Murty ndiye mwanamume pekee aliyebisha hodi kabla ya kuingia dukani.

Alianza kazi gatini mwaka 1919. Wenye umri wanakumbuka jinsi kazi ilivyopatikana: kila asubuhi saa mbili kasorobo makuli walikusanyika, mnyapara akapanda juu ya kreti na kuita majina. Ukiitwa, watoto wanakula. Usipoitwa, unarudi nyumbani mikono mifukoni, majirani wakikutazama. Mwaka 1931 tawi la chama cha wafanyakazi lilimchagua Murty kuwa katibu. Si kwa ushujaa. Ni kwa mwandiko.

Miaka miwili baadaye alisoma gazetini kwamba huko Ujerumani ofisi za vyama vya wafanyakazi zimevamiwa kwa siku moja na viongozi wake wametiwa ndani. Mwaka huohuo, hapa kwetu, vijana wenye mashati ya buluu walianza kupita mitaani wakinyoosha mikono juu kwa mtindo uleule wa Wajerumani. Baadhi yao alikuwa amesoma nao. Murty akaanza kuegemeza kiti kwenye mlango wa nyumba, mchana kweupe, na Nonie akawa anajikwaa kila akitaka kutoka. "Murty, mpenzi," alimwambia, "wakija hao Wajerumani, hicho kiti ndicho kitakachowazuia?"

Mkutano ambao umefanya jina lake litajwe mpaka leo ulifanyika Alhamisi tarehe 19 Novemba 1936. Ulifunguliwa kwa fungu moja la rozari, kama desturi. Kisha katibu akasoma barua ya makuli wa Bilbao, nchini Spain, iliyoletwa na baharia aliyewahi kunywa na nusu ya waliokuwemo ukumbini. Waliomba wenzao wa Cork walaani uasi wa majenerali na wasiguse shehena yao. Haikuwa rahisi. Kila Jumapili watu walikuwa wakifundishwa kanisani kwamba majenerali hao wanaitetea Imani, na diwani mmoja wa upande wa wafanyakazi alikuwa ameshapita kuomba tawi liache mambo ya Spain, uchaguzi u karibu.

Marehemu alisimulia kwamba ni aya moja tu aliyoshindwa kuisahau. Ilisema kwamba katika mji wa jirani, askari wa majenerali walipoingia, hawakuuliza nani ana bunduki. Waliuliza daftari la chama liko wapi. Wakalipata, wakaita majina kama yalivyoandikwa, moja baada ya jingine. Katibu ndiye aliyeitwa wa kwanza.

Mwenyekiti, Dinny Coakley, akataka kura. Watu sitini walikuwemo. Mikono kumi iliinuka. Hakuna aliyepinga, wengine wote walitazama viatu vyao. Azimio likapita.

"Na wewe, Katibu?" akauliza Coakley.

"Mimi naandika," akajibu Murty.

Hakuinua mkono. Amesisitiza isomwe hivi hivi, kwa sauti, leo: hakuinua. Mkono wa kulia ulikuwa na kalamu, wa kushoto ulikuwa umeshikilia meza, naye alitamani meza hiyo immeze.

Kanuni ya tawi ilikuwa kwamba kura ikiwa ya wachache, majina yao yaandikwe, asije mtu akajikana kesho. Murty alichovya kalamu. Akaikumbuka ile aya. Akaandika azimio, akaandika "limepita", akatia saini yake chini kama katibu, akafunga daftari kabla wino haujakauka. Alivunja kanuni kwa woga mtupu.

Habari zilienea. Jumamosi ya wiki iliyofuata alikuja nyumbani Bwana Hallinan, mzee wa shirika la wanaume parokiani, amevua kofia. Eily alikuwa na miaka sita, chini ya meza, na anayakumbuka mazungumzo hayo.

"Murty, hakuna mwenye ubaya na wewe. Una watoto. Tuambie tu ni kina nani."

"Daftari ndilo hili. Soma."

"Mbona kuna jina moja tu, na ni lako?"

Jasho lilikuwa likimtiririka. Angeweza kusema, "Mimi nilikuwa naandika tu," na ingekuwa kweli tupu. Lakini swali la pili lingekuwa, basi walioinua ni nani?

"Basi ni hilo," akasema.

Kesho yake, tarehe 29 Novemba, jina lake lilisomwa altareni kama adui wa Imani. Jumatatu mnyapara alipanda kreti na hakuliita. Wala Jumanne. Kwa miezi kumi na minne Murty Lucey alikwenda gatini kila asubuhi, akasimama mstari wa mbele, akasikia majina ya wale kumi yakiitwa, akarudi nyumbani. Mara nyingi alitapika kwenye ukuta wa gati kabla ya kufika. Nonie alipika kwato za nguruwe na matumbo mpaka watoto wakasahau nyama nyingine. Kila Jumamosi walikuta ndoo ya makaa mlangoni, na hawakumwona aliyeiweka. Murty aliogopa hata ndoo hiyo, akihofia itamtaja mtu.

Januari 1938 akaja mnyapara mpya, na jina likaitwa tena. Mambo ya dunia yalipogeuka, waliomkwepa wakaanza kumnunulia bia. Chama kilimpa cheti kwenye fremu, "kwa mkono ulioinuka". Alikitundika nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ambapo mlango ukiwa wazi hakionekani. Ndiyo hofu iliyobaki kwake kwa karibu miaka arobaini: kwamba siku ya kuzikwa kwake mtu atausifu mkono huo, na yeye hatakuwa na mdomo wa kukanusha.

Mapafu yalianza kumsumbua Oktoba 1974, kwa vumbi la makaa na nafaka. Redio ilipotangaza kifo cha mtawala wa Spain, mmoja wa majenerali wale, Novemba mwaka jana, hakushangilia. Aliuliza kama kiti kipo mlangoni. Mwezi uliopita alimwita Nonie na Eily, akaungama yote.

Nonie alimfuta jasho. "Nilijua, Murty. Mtu aliyemkimbia bata angeinuaje mkono? Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

"Hukunidharau?"

"Nilikuona ukienda gatini kila asubuhi unatetemeka. Ningekudharau saa ngapi?"

Alifariki nyumbani, Jumatatu tarehe 8 Machi 1976, saa tisa alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia.

Kati ya wale kumi, aliye hai ni mmoja. Alikuja msibani juzi, akalia, akasema, "Ndoo zilikuwa zetu, kwa zamu. Na kila asubuhi nilipoitwa nilingoja Murty aseme jina langu. Niliogopa kuliko yeye." Eily alimpa daftari lile la tawi, ambalo marehemu alikuwa amelihifadhi. Aliandika jina lake: Augustine Aherne, ambaye bandarini ni Gus. Majina mengine tisa alisema hana ruhusa nayo, na familia imeheshimu hilo.

Marehemu ameacha mjane, Nonie, watoto wanne, Eily, Michael, Hannah na Declan, wajukuu tisa, na dada mmoja, Bridie, aliyeko Liverpool.

Baada ya sala Gus Aherne atapanda juu ya kreti aliyokuja nayo, ataliita jina la Lucey, la kwanza kabisa. Tunaomba gati zima limwitikie. Alale kwa amani sasa, na kile kiti tumekiondoa mlangoni.