Jibu la Mama Muharami kwa Bendi ya Chumvi

Mheshimiwa Diwani, Sheikh wetu wa kata, Bwana Afisa Utamaduni, walimu, wazazi wenzangu wa Zinga na wa Bagamoyo mjini, na nyinyi wanangu mliojazana huku mbele na fulana zenu nyeusi: Asalaam aleikum. Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni Batuli, mama yake Muharami. Kazi yangu ni kukaanga maandazi, si kuhutubia, kwa hiyo nikikosea mpangilio wa vyeo mnisamehe, maana karatasi niliyopewa ina herufi ndogo na miwani nimeiacha nyumbani.

Tumekuja kuuzindua wimbo. Unaitwa "Nani Kaanza", ni wimbo wa roki, unapinga vita, na walioutunga ni vijana wetu hawa wa bendi ya Chumvi. Wengi wenu mnawajua kwa kelele. Walifanya mazoezi miaka mitatu kwenye banda langu la kuku, mpaka kuku wakaacha kutaga. Nani hapa Zinga hajawahi kutoka na ufagio kuwafukuza? Mimi nimewafukuza zaidi ya mara moja, na mpiga ngoma wao alikuwa mwanangu mwenyewe! Muharami alianzia kwenye sufuria zangu, na mpaka leo hakuna hata moja inayokaa sawa jikoni. Baadaye akaingia jeshini, akapelekwa nchi ya jirani kulinda amani, na miaka miwili iliyopita akarudishwa ndani ya sanduku. Mlikuja mkanizikia. Mwenyezi Mungu awalipe.

Tangu siku ile sikutaka kuiona bendi. Nikisikia gitaa nilifunga dirisha, nikikutana na Yahya njiani nilivuka barabara, na huyu Yahya, mwimbaji wao, amekula kwangu tangu hajaota meno ya mbele. Basi wakaniogopa. Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, namwona Mzee Shuaibu anaingia uani kwangu na kanzu iliyopigwa pasi, ameshika barua iliyofungwa kwenye leso mpya. Nyinyi watu wa pwani mnajua leso ile maana yake nini: ni posa. Nikamtandikia mkeka. Akasema, "Bi Batuli, nimetumwa na vijana. Kuna kitu chako wanakitaka, na wanakiomba kwa heshima."

Nikamwita binti yangu Jasmin chumbani, nikamuuliza: "Nani huyo? Yahya? Yule mwenye rasta?" Akalia, "Wallahi mama, hata namba yake ya simu sina!" Hakuna aliyemwamini. Shangazi yake alikwisha kuanza kutaja ukumbi, na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nimeshaanza kumhesabia Yahya kasoro. Tukaifungua barua. Haikuwa posa. Vijana walikuwa hawajui mama aliyefiwa anaombwaje, wakatumia njia pekee ya kuomba waliyofundishwa kwao. Waliandika hivi: "Mama, tunaomba sauti ya Muharami."

Ndugu zangu, siku moja kabla ya kufa mwanangu alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Akawatajia wenzake wa bendi kwamba amenitumia. Wao walitaka kuuweka mwanzoni mwa wimbo, kabla ya magitaa. Mzee Shuaibu akaniambia wameurekodi wimbo huo mara mbili, mmoja una nafasi ya sauti hiyo na mwingine hauna, na nitakaouchagua mimi ndio utakaopigwa leo. Sauti ya Muharami wangu! Ninayoisikiliza peke yangu kila alfajiri, nimejifunika shuka, hata Jasmin hajaisikia. Niwape watu waipige kwenye bajaji? Niliirudisha ile leso. Mzee Shuaibu akaniachia barua, akasema atasubiri jibu.

Usiku sikulala. Alfajiri nikaisikiliza tena, na safari hii nikaisikiliza kama mtu mwingine. Mnajua anasema nini? Hasemi kuhusu yeye. Anasema, "Shikamoo mama. Kuna mama mmoja huku anauza mihogo ya kuchoma getini kwetu, ananifokea kama wewe, eti nimekonda. Leo mtaa wake umepigwa mabomu. Meza yake ipo, yeye hayupo. Mwombee, mama. Na kina mama wa darsa waambie wamwombee." Basi. Kesho yake nikaletewa habari ya mwanangu, na yule mama wa mihogo nikamsahau. Kila siku nasikia neno mama, nasikia shikamoo, nalia, na nilichoagizwa sikukifanya. Nimekalia salamu ya mtu miaka miwili, nikidhani ni yangu.

Wanangu wa Chumvi, nimewaonea. Mlikuwa mnamlilia rafiki yenu na mimi nikawafungia dirisha. Wimbo wenu Yahya amenisomea maneno yake jana, barazani. Mnasema watoto wakipigana wakubwa huuliza nani kaanza, lakini mama huuliza nani kaumia. Hilo mmelichukua kwangu, msibishe, nililisema mara ngapi pale kwenye banda la kuku? Nimefurahi mmelichukua.

Mheshimiwa Diwani, nakushukuru kwa ukumbi. Sheikh, nakushukuru kwa kukubali kukaa karibu na spika zile kubwa, Mungu ayalinde masikio yako. Mzee Shuaibu, mshenga wangu, hili ndilo jibu lako, na simu hii hapa, mpelekee Yahya. Apige ule wenye mwanangu.

Na nyinyi kina mama wa darsa, mko safu ya tatu, nawaona. Jina la yule mama silijui. Mwombeeni hivyohivyo. Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa tulieni, mumsikilize Muharami.