Projest Mutalemwa na Hewa Tupu ya Kaisho

Baada ya miaka thelathini na miwili na miezi mitano ya utumishi, Ndugu Projest Mutalemwa, fundi wa mawasiliano wa shirika letu la zahanati, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Faili lake lina barua mbili tu za uongozi, ya pongezi na ya onyo. Ya pongezi aliipata kwa kukosea, ya onyo kwa kusahihisha.

Alianza kwenye zahanati ya Nyabiyonza mwaka 1993 kwenye redio ya mawasiliano, akiyaomba makao makuu dawa za malaria kwa sauti ambayo, siku tulivu, ingeweza kufika bila redio. Redio zilipoondolewa alijifunza kompyuta kwa kitabu kilichonyofoka kurasa za mwanzo. Wenzake husema ndiyo sababu hadi leo anajua zaidi kuitengeneza kuliko kuiwasha.

Mwaka 2022 mtandao wa zahanati ya Kaisho, ule usio na waya, ulianza kukatika. Majibu ya maabara yalimfikia mganga wakati mgonjwa ameshapona au ameshahamia kwa mganga mwingine. Projest aliagizwa apime mawimbi. Programu ya kazi hiyo ilihitaji mfumo tofauti na ule wa kompyuta mpakato ya ofisi, na meneja wetu, Bwana Elick, alikataza mfumo wa ofisi usiguswe, kwa kuwa kompyuta ilikuwa na stika ya mkaguzi.

Projest hakubishana na stika. Alitengeneza kompyuta pepe, yaani kompyuta ya pili iishiyo ndani ya ile ya kwanza kama mpangaji, na programu akaiweka humo. Mpangaji huyo haoni antena ya mwenye nyumba. Ni lazima achomekewe kifaa chake cha kunasa mawimbi, kisha akabidhiwe rasmi kwa kubofya mahali fulani. Projest alikichomeka. Kukikabidhi alisahau.

Alizunguka Kaisho siku mbili, na kila aliposimama programu ilihesabu mitandao sifuri. Akaandika ripoti ya kurasa kumi na moja, yenye grafu zilizonyooka vizuri sana, kwamba hewa ya Kaisho ni tupu. Uongozi uliisifu kwa uwazi wake, ukamwandikia pongezi, ukalitaja jina lake kwa ukuu wa idara, na kuamua mnara ujengwe jirani na zahanati. Jirani na zahanati ni kibanja cha migomba cha Mama Kokuhirwa, mjane wa miaka themanini na mmoja. Wapimaji walipaka migomba rangi nyekundu na kupigilia vigingi. Kimoja kilisimama hatua mbili kutoka kaburi la mumewe.

Projest alitumwa kwenda kumwelewesha. Alimwamkia shikamoo, akakaa, akafungua ripoti, akaeleza kwa upole mkubwa jinsi Kaisho isivyofikiwa na wimbi lolote. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza:

"Mwanangu, kama hewa ni tupu, wanaume wote wa hapa wameegemea ukuta wa Cassian na simu zao wanaangalia nini?"

Cassian ana duka mkabala na zahanati, na mtandao wake huonyesha mpira. Projest alikwenda kwenye ukuta ule, akaifungua kompyuta, akamkabidhi mpangaji kifaa chake. Mitandao kumi na minne ikajitokeza. Wa Cassian na wa zahanati ilikuwa ikigombania chaneli moja, yaani njia moja ya mawimbi.

Angeweza kubadilisha chaneli kimyakimya na kuuacha mnara ujengwe; wapo waliomshauri hivyo, kwa kumpenda. Badala yake, kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya Bwana Elick, alisimama akasema: "Hewa haina kosa. Nilipima vibaya. Vigingi ving'olewe."

Bwana Elick alimwambia akae. Projest aliendelea kusimama mpaka mwenyekiti wa kijiji alipoandika neno hilo kwenye muhtasari.

Chaneli ilibadilishwa kwa dakika nne. Barua ya onyo ilichukua siku tatu, na ukuu wa idara ulikwenda kwa mtu ambaye hajawahi kupima chochote. Barua ya pongezi haijafutwa, kwani hakuna utaratibu wa kuifuta.

Baadhi yetu watumishi tuliacha makaburi ya wazee wetu ng'ambo ya Mto Kagera, na sasa hatujui nani analima juu yake. Sisi hatuhitaji grafu kueleza Projest aliokoa nini.

Migomba iliyopakwa rangi imeshazaa na kukatwa. Machipukizi yake hayana alama. Mama Kokuhirwa hupalilia pale kila Jumamosi, kisha hukaa kidogo karibu na mumewe.

Asante, Projest. Uwe na afya, na siku zako zilizobaki ziwe njema kama ulivyoziacha za mama huyo.