Maisha ya Esteri Niyonsaba, Muuza Vitumbua wa Kasulu

Ndugu waombolezaji, mliosafiri kutoka Kitahana na Mabamba, nanyi wenyeji wetu wa hapa Kasulu, familia imenipa mimi, Reverien, binamu yake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitajitahidi nisikatike sauti, ingawa sijiamini.

Marehemu Esteri Niyonsaba alizaliwa tarehe 14 Aprili 1941, katika kijiji cha milimani upande wa Burundi, karibu na mpaka wa Mabamba, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Alianza shule ya misheni mwaka 1949, akasoma miaka minne, akajua kusoma, kuandika na kushona, lakini mwaka 1953 mama yake alifariki, baba akiwa ameshatangulia, na wajomba wakawagawana wale yatima kwa nia njema kabisa, huyu huku na yule kule, hivyo Esteri akakua bila kuwaona wadogo zake, na walipokutana tena ukubwani walisalimiana kama wageni. Jambo hilo lilimuuma maisha yake yote, na asiyelijua hawezi kuelewa mengine aliyoyafanya.

Tarehe 7 Oktoba 1961 alifunga ndoa na Venanti Hatungimana, seremala mpole, asiyejua kugombana hata na ubao uliopinda, wakajaliwa watoto watatu, Uwimana mwaka 1963, Stanislaus mwaka 1967 na Immakulata mwaka 1971. Juni 1972, machafuko yalipowafikia, walivuka mpaka Mabamba na watoto wao, mkeka mmoja na randa ya Venanti, wakapokelewa Kitahana, wilaya ya Kibondo, wakapewa shamba, wakaanza upya. Machi 1974 Venanti alishikwa na homa kali, na tarehe 9 ya mwezi huo akafariki, naye Esteri akabaki mjane akiwa na miaka thelathini na miwili.

Matanga yalipoisha ukoo ulikaa, na shemeji yake mkubwa, Mzee Leonidasi, akaona ni busara watoto wagawanywe, Uwimana aende Mabamba, Stanislaus aende Kitanga, yule mdogo abaki na mama, maana mjane asiye na kazi angewalisha nini wote watatu. Esteri, aliyekuwa amewahi kuyasikia maneno hayo hayo vinywani mwa wajomba zake, alipiga magoti mbele ya wazee, akaomba apewe mwaka mmoja tu ajaribu, nao wakamkubalia shingo upande.

Basi Julai 1974 alihamia Kasulu, akapanga chumba, akaanza kutafuta wa kumshauri, kwa sababu alitaka biashara ya kufanyia nyumbani, watoto wakiwa machoni pake, ila hakujua hata pa kuanzia. Katekista alimwambia asali na asubiri, naye akasali, lakini kusubiri kukamshinda, bwana maendeleo akamwambia arudi na wanawake kumi waunde kikundi, naye katika mji mzima alikuwa anawajua wawili, na mmoja wao walikuwa hawasemeshani. Mwishowe alisikia habari za Bi Adija Gharibu, mke wa mwenye duka Hilali, ambaye vitumbua vyake vya mchele, ujuzi aliourithi kwa bibi yake wa pwani, vilikuwa vinaisha sokoni kabla jua halijapanda.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya. Kwetu mtu haendi kuomba shauri mikono mitupu, kwa hiyo Esteri alitafuta kibuyu cha pombe ya ndizi, iliyoiva barabara, akajitwika, akaingia nacho uani kwa Bi Adija saa saba mchana, mwezi wa Ramadhani. Bi Adija alijishika kichwa, akamwambia atoke nacho upesi, na Esteri, ambaye kwao ukikataliwa pombe umekataliwa wewe mwenyewe, alitoka akilia njia nzima, akijua kwamba mlango wa mwisho umefungwa na watoto ndio wamekwenda. Aliyeokoa jambo ni Tharsisi, fundi cherehani wa barazani pa duka la Hilali, Muha ambaye mila zetu ni zake pia, maana aliacha nguo kwenye sindano, akamweleza Bi Adija maana ya kile kibuyu, kisha akamkimbilia Esteri kumweleza maana ya kufunga, na Bi Adija alipoelewa aliona haya, akamwita arudi, akasema mtu aliyemjia kwa heshima namna ile hawezi kumwacha aondoke bure. Kibuyu chenyewe kilibaki kwa Tharsisi, malipo ya ukalimani, na wateja wake wanadai suruali zilizoshonwa jioni ile zilitoka na mguu mmoja mrefu.

Bi Adija alimfundisha kuloweka mchele, kuutwanga, kusubiri unga uumuke na kugeuza kitumbua bila kukivunja, akamwazima chuma chake cha zamani cha kupikia, akamshauri aende akauzie kwenye kituo cha mabasi ya Kibondo, ambako abiria hungoja asubuhi na njaa zao. Lakini kwao Esteri chakula kilichopikwa hugawiwa, hakiuzwi, na siku ya kwanza alirudi na sinia tupu na baraka za abiria, hivyo kesho yake Bi Adija alikwenda kukaa naye mkeka mmoja, akawa anapokea fedha yeye, mpaka mkono wa Esteri ulipozoea, na tangu hapo wakaitana mama na mwana. Mwaka ulipotimia Mzee Leonidasi alikuja Kasulu, akakuta watoto wote watatu wameshiba, wakubwa wako shuleni, akala, akashukuru, akarudi zake bila kuuliza kitu.

Februari 1979 marehemu alianza kusumbuliwa na kifua, akalazwa mara mbili, na aliporudi nyumbani mwezi Julai alikuwa ameshajua, akawa anamwelekeza Uwimana kutoka kitandani, akisikiliza tu mlio wa mafuta na kumwambia sasa geuza. Hakuogopa kufa, aliogopa kikao cha ukoo, na alimwambia Bi Adija hivyo waziwazi. Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 19 Agosti 1979, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, Bi Adija akiwa amemshika mkono, nasi tumeumia kuliko ninavyoweza kusoma hapa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliobeba maji na kuni, wauzaji wenzake wa kituoni ambao leo hawakufungua biashara, Tharsisi aliyemshonea gauni hili la mwisho, na Bi Adija, ambaye kwake neno asante ni dogo.

Vitumbua mlivyonywea chai leo asubuhi vimepikwa na Uwimana, mwenye miaka kumi na sita, Stanislaus akichochea moto na Immakulata akiwagawia, huku Bi Adija, ambaye amefunga, akisimama kando bila kuonja wala kugusa chochote, kwa sababu alitaka wazee waone wenyewe. Mzee Leonidasi alikula, kisha akanituma niseme mbele yenu kwamba kikao cha kugawa watoto hakitakuwapo.

Esteri, dada yetu, watoto wako wote watatu watalala nyumba moja leo, na kesho pia. Pumzika kwa amani.