Sketi Iliyopunguzwa Kiuno

Ilikuwa Jumanne, tarehe tisa Machi, saa nane mchana, binti mkubwa wa Fundi alipokata roho hospitalini. Tangu siku hiyo, kwenye benchi lililo nje ya kibanda chake cha cherehani, kahawa ilinywewa bila sukari. Hakuna aliyetoa amri. Rubani, fundi wa baiskeli ambaye hajawahi kupanda ndege, ndiye aliyelifungia bakuli la sukari kwenye sanduku lake la spana, maana ugonjwa ulikuwa wa sukari na adui hakaribishwi kwenye kahawa. Wengine walikunja nyuso, wakanywa.

Fundi aliwaeleza tena, polepole, kama alivyoelezwa na daktari. Si sukari ya kahawa iliyomuua mtoto. Ndani ya kongosho mna chembe zinazotengeneza insulini. Zikielemewa na kazi hubadilika, zikaonekana kama ngeni; ndipo askari wa mwili, wanaotulinda na magonjwa, huzivamia na kuzimaliza. Kwa nini huanza hivyo, daktari alikiri kwamba wataalamu bado wanachunguza.

Benchi halikuwa na subira ya wataalamu.

— Hao askari hawalali, ndiyo shida, alisema Kinyozi wa kibanda cha jirani. Mtu asiyelala humwona hata mkewe mwizi.

— Kosa ni la chembe, Rubani akamjibu. Mfanyakazi akichoka hukunja sura. Askari akiona sura imekunjwa, anapiga.

— Basi wewe wangekumaliza zamani.

Kinyozi akaendelea kueleza kwamba askari hao hulinda kwa zamu, na makosa hutokea zamu zikibadilishana, hasa mtu akipiga chafya. Rubani akapendekeza chembe zivalishwe sare. Alimgeukia Fundi kwa heshima, akamwuliza kama anaweza kushona nguo ndogo kiasi hicho. Fundi alisema uzi wake haupatikani.

Mama mmoja aliyeleta gauni litiwe zipu alikuwa amesimama pale akisikiliza.

— Poleni sana, baba. Mtoto wangu mimi anao ugonjwa huo, hujichoma insulini kila siku, na anasoma, anacheza. Marehemu ameacha ndugu?

— Ana mdogo wake, mama.

— Naye mmempima?

 

Fundi aliitazama sketi ya shule iliyotundikwa ukutani. Mdogo mtu aliileta juzi apunguziwe kiuno. Alimpunguzia, akamtania kwamba anarefuka kama mnazi. Ya dada yake aliipunguza vivyo hivyo, kwa utani huo huo, muda mfupi kabla hajalazwa. Na mtungi wa maji nyumbani siku hizi haukawii kukauka, kama wakati ule wa dada yake. Yeye alilaumu joto.

Kahawa hakuimaliza. Alifunika cherehani. Rubani akamsogezea baiskeli ya mteja bila kuulizwa, na Fundi akaenda nayo shuleni kumchukua mtoto. Kwenye zahanati walimtoboa kidole, wakatazama kipimo, wakasema apelekwe hospitali sasa hivi. Kule walimkuta daktari yule yule.

— Safari hii mmewahi, alisema.

Jioni mtoto alilala, dripu ikidondoka taratibu. Fundi akainua mikono.

— Ee Mola, mrehemu binti yangu mkubwa, umlaze pema. Mfikishie habari kwamba mdogo wake tumemuwahi. Na huyo mkubwa umpe maji, Mola wangu, asione kiu tena. Amina.