Bwana Namba Akabidhi Nyundo

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mwenzetu Bwana Namba anastaafu baada ya kuitumikia ofisi ya usajili wa silaha kwa miaka thelathini na minne. Kati ya hiyo, tisa aliitumia kusubiri saini moja.

Alianza akiwa karani wa magobore. Fundi yeyote aliyejiundia bunduki nyumbani alipaswa kuileta chumba namba sita, na Bwana Namba akaigongea namba kwa nyundo, kama kanuni inavyotaka. Aligonga silaha elfu nne na ushee bila kukosea tarakimu. Mkewe anasema hata masufuria yao yana namba, na jirani akiazima lazima asaini.

Kisha zikaja mashine zinazochapa vitu vya plastiki kwa kufuata mchoro wa kompyuta. Siku polisi walipotuletea bastola ya kwanza ya aina hiyo, Bwana Namba alivaa miwani, akafuata kanuni, akagonga. Kielelezo kikapasuka vipande viwili. Aliandikiwa barua ajieleze, naye akajibu kwa kurasa arobaini: rasimu ya kanuni mpya, ya kusajili mashine zenyewe na kudhibiti michoro inayosambazwa kwa simu. Ndiyo kazi yake bora kuliko zote, nasema bila kupepesa macho.

Rasimu ilipanda ghorofa ya tatu, kwa Mkurugenzi, ikasainiwe. Ikarudi irekebishwe pambizo. Ikapanda tena. Kila Jumatatu alipanda ngazi kuulizia, na kila Jumatatu katibu muhtasi, ambaye kwa kuzoeana wakawa wanaitana pacha, alimhakikishia kwamba jalada liko mezani. Kabati la bastola zisizo na namba likajaa, tukaongezewa kabati. Tulipomuuliza anataka zawadi gani ya kuagwa, alisema anataka aondoke kanuni ikiwa imesainiwa, basi.

Jumanne jalada lilishuka. Mkurugenzi amekubali kila kitu, kwa sharti moja: iambatishwe kwanza sampuli ya bastola ya plastiki iliyogongwa namba kwa utaratibu uliopo. Bwana Namba alisoma mara mbili, akavua miwani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Hayakuwa yote ya kicheko, na sisi tuliokuwepo tuliumia.

Kaka, asante kwa kutufundisha kazi na ukaidi. Nenda ukapumzike na shemeji yetu, mkiwa na afya na masufuria yote. Nyundo tumeipokea. Ukifika getini ukasikia kitu kinapasuka, usigeuke. Ni sisi, tunaambatisha sampuli.