Ngowa Chirau, Mwenye King'ora cha Majengo

Marehemu Ngowa Chirau alizaliwa tarehe 9 Juni 1949 huko Rabai, mtoto wa tatu wa Mzee Chirau, akasoma huko huko hadi darasa la nane, kisha mwaka 1968 akaajiriwa reli hapa Mombasa, akawa fundi wa simu, na waliofanya naye kazi wanajua hakuna waya uliomshinda.

Tarehe 12 Agosti 1972 alimwoa Mbodze, akisimamiwa na rafiki yake wa kufa na kuzikana, Bwana Musyoka, ambaye leo tunaye hapa mstari wa mbele, na Mungu akawajalia Caroline na Jeremy.

Mwaka 1993, baada ya moto kula mapaa ya makuti ya mtaa huu, wengine wakiujua ukiwa umeshafika mlangoni, marehemu aliwakusanya majirani, wakavuta waya nyumba hadi nyumba, kila mlango ukawekwa kitufe, vyote vikaungwa na king'ora alichokifunga juu ya ofisi ya kamati ya mtaa, na sharti likawa moja tu, kikilia kila mtu atoke na ndoo. Jiko la jirani yetu Kioko lilipolipuka mwaka 1995, watu walitoka wote, na moto haukuvuka ukuta.

Ufunguo wa ofisi alikaa nao mwenyekiti, Bwana Musyoka, naye alipogombea udiwani mwaka 1997 akawa anakiliza king'ora kuita watu mikutanoni, marehemu akiwa kazini. Marehemu alimsihi kama ndugu, akaambiwa asiwe mgumu hivyo, ni dakika mbili tu, na Mbodze anasema siku hiyo mumewe alirudi nyumbani akashindwa kula.

Jumamosi tarehe 21 Februari 1998, alasiri, nyumba ya jirani yetu Mama Nasipwondi ilishika moto, marehemu akabonyeza kitufe, king'ora kikalia, na watu wakabaki ndani wakisema mheshimiwa diwani ana mkutano. Aliingia peke yake, akamtoa mama huyo hai, yeye akaungua vibaya, akalazwa, akatutoka tarehe 3 Machi. Hatutafuti ugomvi, ila ndivyo alivyokufa, na tumeumia sana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa reli, na majirani, hasa watu wa mtaa wa Kuze, ambao hawana king'ora, waliona moshi tu wakaja mbio.

Bwana Musyoka ameomba king'ora kilie jeneza likitoka, kwa heshima ya marehemu. Mbodze amekataa, nasi tuko naye, kwa kuwa mumewe alikiweka kwa ajili ya moto, na leo hapa hakuna kinachoungua.

Ngowa wetu, lala kwa amani.